Ukurasa wangu wa admin kwenye duka la nyavu unaficha oda za usiku, naomba ushauri

Kijana wa Igoma

Wakuu, habari za muda huu. Nimekwama, na jambo lenyewe limeshaanza kumuumiza mtu, ndiyo maana nimeona nilete huku.

Naandika kodi za kompyuta kwa duka moja la zana za uvuvi hapa Mwanza mjini. Tunauza nyavu za dagaa, kamba, maboya, betri na taa za sola. Wateja wengi wako visiwani: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome. Duka la mtandaoni liko WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, na WooCommerce, plagini (programu ya nyongeza) yake ya kuuzia bidhaa. Mteja anaagiza kwa simu, analipa, asubuhi dada wa stoo anafunga mzigo na bodaboda anauwahisha kwenye boti.

Ile orodha ya oda ya WooCommerce yenyewe inamchosha dada wa stoo. Ina mambo mengi asiyoyahitaji. Yeye anataka kujua vitu vinne tu: mzigo wa nani, unakwenda mwalo gani (yaani pale boti zinapotia nanga), una nini ndani, unapanda boti ipi. Basi nikamtengenezea ukurasa wake ndani ya admin, nikauita "Mizigo ya Leo". Mara ya kwanza niliuandika mwaka 2021 na ulifanya kazi vizuri. Mwaka huu bosi akataka tovuti ianzwe upya kabisa, nikauhamishia huko, ukawa mweupe. Hakuna oda hata moja wakati oda zipo. Nikachimba kwenye hifadhidata, nikagundua oda sasa zinakaa kwenye jedwali la `wp_wc_orders`, nikabadilisha swali langu la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) lisome humo. Zikaonekana.

Sasa shida zilizobaki ni hizi. Kuna oda za usiku hazionekani. Wiki iliyopita mteja wa Ukara aliagiza taa nne saa saba na nusu usiku, majira ya giza la mwezi yakiwa ndiyo kwanza yameanza. Mnaojua dagaa mnaelewa: wanavuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, mwezi ukishakuwa mkubwa watu wanakaa kutengeneza nyavu. Asubuhi oda yake haikuwepo kwenye ukurasa. Alipopiga simu saa nne, boti ilishaondoka. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, giza halinisubiri." Taa zilimfikia baada ya siku mbili. Cha ajabu, oda ya saa kumi alfajiri siku hiyo hiyo ilionekana vizuri.

Pili, dada wa stoo akibonyeza kitufe cha "Umepakiwa" hali ya oda inabadilika, ila mteja hapati ujumbe wowote.

Tatu, ukurasa ulimkatalia dada kuingia, ikabidi nimpe nywila ya admin. Najua si sawa, ila mizigo ilikuwa inasubiri.

Naombeni msaada wenu.

Mtu wa Kamanga

Mkuu weka hiyo SQL yako tuione. Bila kuiona tutakuwa tunabahatisha.

Kijana wa Igoma

Hii hapa:

`SELECT * FROM wp_wc_orders WHERE status = 'wc-processing' AND DATE(date_created_gmt) = '" . date('Y-m-d') . "'`

Na kitufe kinafanya `UPDATE wp_wc_orders SET status = 'wc-completed'` kwa namba ya oda.

Mzee wa Seva

Mdogo wangu, jibu liko ndani ya hilo jina la safu: `date_created_gmt`. Saa ya humo ni ya GMT, saa ya Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Mteja wako alipoagiza saa saba na nusu usiku, kwenye jedwali iliandikwa saa nne na nusu usiku wa siku iliyotangulia. Ukurasa wako asubuhi unauliza oda za leo tu, kwa hiyo kila kinachoingia kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kinahesabiwa cha jana. Oda ya saa kumi alfajiri ilipona kwa sababu huko GMT ilikuwa saa saba usiku, tarehe imeshageuka.

Tena hata hiyo `date('Y-m-d')` ina mtego uleule. WordPress huiweka PHP, lugha iliyoandikiwa, kwenye UTC, ambayo ni sawa na GMT, kwa hiyo mtu akifungua ukurasa saa nane usiku ataambiwa leo ni jana. Tumia `wp_date('Y-m-d')`, na kwenye mipangilio ya jumla hakikisha saa za eneo ni Dar es Salaam.

Kuhusu ukurasa kuwa mweupe: kuanzia toleo la 8.2, Oktoba 2023, duka jipya la WooCommerce linahifadhi oda kwenye majedwali yake lenyewe. Zamani zilikuwa zinakaa kwenye `wp_posts` pamoja na makala. Kodi yako ya 2021 ilikwenda kubisha kwenye nyumba iliyohamwa. Ukaenda nyumba mpya, sawa, ila ukaingilia dirishani. Kesho wakibadilisha tena utarudi hapa. WooCommerce ina mlango wake unaitwa `wc_get_orders()`. Ukipita humo hujali oda zimelala jedwali gani, unaletewa tu. Na ukiipa tarehe ya mtindo wa mwaka-mwezi-siku, inaisoma kwa saa za tovuti yako.

Ujumbe kutokwenda ni ugonjwa uleule. Ukibadilisha hali kwa `UPDATE` ya moja kwa moja, WooCommerce haina habari. Barua pepe haziendi, hakuna kumbukumbu kwenye oda, plagini nyingine zote zilizotega ndoano zao (hooks, za kusikiliza mabadiliko) hazisikii kitu. Chukua oda kwa `wc_get_order( $namba )`, halafu `$order->update_status()`. Hapo kila aliyetega anasikia.

Mpenda Urahisi

Kwa nini usinunue plagini iliyo tayari? Za kusimamia usafirishaji ziko nyingi.

Kijana wa Igoma

Nilijaribu mbili ndugu. Zinataka msimbo wa posta na kampuni ya kusafirisha. Mimi nina mwalo na boti.

Dada wa Nyakato

Mimi nina duka la mtandaoni pia, nauza vitenge, na ukurasa kama huo nilitengenezewa nikaja kuubadilisha mwenyewe. Naomba niseme kitu ambacho naona hakijaguswa.

Kaka, hata ukirekebisha saa, ukurasa wako bado utapoteza mizigo. Chukulia mtu ameagiza jana saa kumi na moja jioni. Dada wa stoo alishafunga mizigo ya jana, na leo asubuhi anafungua "Mizigo ya Leo". Oda ya jana jioni iko wapi? Au siku ziwa limechafuka na boti haikuondoka: mizigo ya siku hiyo kesho yake itaonekana kwenye ukurasa upi?

Dada wa stoo hajiulizi nini kimeagizwa leo. Anajiuliza nini hakijapakiwa. Kwa hiyo toa tarehe kabisa, chuja kwa hali ya oda. Iliyolipwa na haijapakiwa ionekane, hata kama ina siku tano. Panga ya zamani iwe juu. Hivi:

`wc_get_orders( array( 'status' => 'processing', 'limit' => -1, 'orderby' => 'date', 'order' => 'ASC' ) )`

Hiyo `limit` usiisahau. Usipoiweka inakuletea idadi ile iliyowekwa kwenye mipangilio ya kusoma ya WordPress, ambayo kwa kawaida ni 10, na ya kumi na moja inapotea kimyakimya. Mimi ilinitokea wiki ya Idi.

Halafu sajili hali ya oda ya kwako mwenyewe, mfano `wc-imepakiwa`, kwa `register_post_status` na kichujio cha `wc_order_statuses`. Jina lote lisizidi herufi 20. Kupakiwa si kukamilika, oda ikamilike mzigo ukishapokelewa mwaloni. Na ujumbe wa simu utege kwenye `woocommerce_order_status_imepakiwa`, ila usiutume palepale. Mtandao wa kampuni ya ujumbe ukizubaa, ukurasa mzima unaganda, dada anabonyeza tena, mteja anapata ujumbe mara mbili na wewe unalipia mara mbili. Uweke kwenye foleni kwa `as_enqueue_async_action`, inakuja na WooCommerce, hununui kitu.

Na jina "Mizigo ya Leo" libadilishe. Jina ndilo lililokupotosha tangu mwanzo.

Fundi wa Kirumba

Dada amemaliza upande wa kazi, mimi niseme la nywila. Ibadilishe leo, kabla hujagusa kodi yoyote. Simu ya stoo inashikwa na watu wangapi? Mwenye admin anaweza kufuta duka zima au kugeuza namba ya kupokea malipo. Siyo kwamba dada si mwaminifu. Simu ikiibiwa mwaloni, aliyeiba naye ni admin.

Ukurasa ulimkatalia kwa sababu bila shaka kwenye `add_submenu_page` uliweka kibali cha `manage_options`, ambacho ni cha admin tu. Wengi watakwambia weka `manage_woocommerce` umpe wadhifa wa meneja wa duka. Itakubali, ila meneja anaweza kubadili bei na kuona mauzo yote. Unda kibali chako, `pakia_mizigo`, na wadhifa wa `mtunza_stoo` wenye hicho na `read`. Viundwe mara moja plagini inapowashwa. Menyu iweke peke yake kwa `add_menu_page`, usiiningʼinize chini ya WooCommerce.

Kitufe nacho kipitie `admin_post`, njia ya WordPress ya kupokea fomu, kiwe na `wp_nonce_field` (alama ya siri ya kuthibitisha ombi), na upande wa kupokea uanze na `check_admin_referer` inayokagua alama hiyo na `current_user_can` inayokagua kibali, zote mbili. Ukimaliza kubadilisha hali, mrudishe kwenye orodha kwa `wp_safe_redirect`, ili akirifreshi ukurasa asitume tena.

Swali: hiyo kodi umeiweka wapi?

Kijana wa Igoma

Kwenye `functions.php` ya mandhari (theme) ya duka.

Fundi wa Kirumba

Itoe huko leoleo. Mandhari ikisasishwa inafutika yote. Tengeneza folda yake ndani ya `wp-content/plugins`, faili moja lenye kichwa cha plagini linatosha kuanzia. Na ujaribu kwenye nakala ya tovuti kwanza, usijaribie kwenye oda za watu.

Kijana wa Igoma

Wakuu, asanteni sana. Nimefanya kazi siku mbili. Nywila ilibadilishwa usiku uleule. Plagini nimeiweka kwenye folda yake, SQL yote nimeitoa. Hata mwalo, niliokuwa nausoma kwa `get_post_meta` na kupata patupu, sasa nausoma kwa `$order->get_meta()` na unakuja.

Nimekwama sehemu moja. Kwenye tovuti ya majaribio, mtunza stoo akiingia anarushwa kwenye ukurasa wa akaunti ya mteja. Haambiwi kuwa amekatazwa, anarushwa tu. Kibali cha `pakia_mizigo` anacho, nimekagua mara tatu.

Mzee wa Seva

Hiyo ni WooCommerce yenyewe. Huwazuia wateja wasiingie admin, na kwake yeyote asiye na `edit_posts`, `manage_woocommerce` au `view_admin_dashboard` ni mteja. Mwongezee mtunza stoo hicho cha mwisho. Kisha zima plagini uiwashe tena, na kama wadhifa ulishaundwa ufute kwanza, maana `add_role` haibadilishi wadhifa uliopo.

Kijana wa Igoma

Imekubali, mzee wangu. Ubarikiwe.

Narudisha mrejesho. Leo nimefika stoo saa kumi na mbili kasorobo, nikakaa pembeni bila kusema kitu. Dada amefungua ukurasa kwa simu yake, kwa akaunti yake. Unaitwa "Haijapakiwa" sasa. Juu kabisa ilikuwepo oda ya juzi ya Maisome ambayo hakuna aliyekuwa anajua kuwa ipo: kamba roli mbili, imelipwa, imelala. Chini yake oda tatu za usiku, moja ya saa nane kasoro dakika kumi. Amezifunga zote nne. Aliponyanyua simu kubonyeza "Umepakiwa" mikono yake ilikuwa na vumbi la magunia, kitufe kikagoma mara mbili, kwa hiyo nitakiongeza ukubwa kesho.

Yule wa Ukara nimempigia mwenyewe. Ameagiza betri.