Tupeane uzoefu: Tunaofuatilia mpira wa Uskoti, ulianzaje na timu yako, na watani wanakufanyaje?

Mleta mada (Glasgow)

Wakuu, salaam.

Kila nikisema naangalia ligi ya Uskoti najibiwa kitu kilekile: ile ni ligi ya timu mbili, utaangalia nini? Kubisha ni kazi. Mara ya mwisho ubingwa kutoka nje ya Celtic na Rangers ilikuwa 1985, ulipokwenda Aberdeen ya Alex Ferguson. Wengi wetu mzee tulimjua akiwa Manchester United, hatukujiuliza alitokea wapi. Tangu hapo ni kijani (Celtic) au bluu (Rangers). Celtic walipobeba la 2025 walifikisha mataji 55, sawa kabisa na Rangers.

Kwa walio nyumbani niseme jambo moja. Simba na Yanga tunachambana wiki nzima halafu Jumapili tuko kwenye harusi moja, meza moja. Huku mzizi wa ugomvi ni dini na asili ya mtu. Celtic ilianzishwa 1887 na mtawa wa Kikatoliki, Bruda Walfrid, ili zipatikane fedha za kulisha maskini wa mashariki ya Glasgow, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Rangers, iliyokuwapo tangu 1872, ikawa timu ya Waprotestanti na watu wa taji la Uingereza. Kwa miongo mingi Rangers hawakuwa wanasajili Mkatoliki anayejulikana kuwa Mkatoliki. Walipomchukua Mo Johnston mwaka 1989, tena aliyewahi kuchezea Celtic, kuna mashabiki wao waliochoma skafu.

Sasa sisi wageni tunaingiaje humo? Nani alikupa timu? Leteni visa, mimi nitasema yangu baadaye.

Namba67 (Nakuru)

Mimi sijawahi kukanyaga huko lakini ni Celtic damu. Sababu ni moja: Victor Wanyama.

Tarehe 7 Novemba 2012, Barcelona ya Messi iko Glasgow. Tulikuwa tumejazana kwa baa ya mtaani, nusu ya watu wakiwa wamevaa jezi ya Barca. Kona inapigwa na Mulgrew, Wanyama anaruka, kichwa, ndani! Ile baa iligeuka Kenya tupu, hata wale wa Barca walikuwa juu ya viti. Baadaye Tony Watt akaongeza la pili, Messi akarudisha moja mwishoni, 2-1.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Wanyama alivaa jezi namba 67 kwa heshima ya Celtic ya 1967, timu ya kwanza ya Uingereza kuchukua Kombe la Ulaya. Wachezaji wote walikuwa wamezaliwa karibu na Glasgow, hakuna aliyetoka zaidi ya maili 30. Na fainali walimfunga nani? Inter Milan. Ile Inter ambayo kaka yake Wanyama, McDonald Mariga, alikuja kuichezea na kupata medali ya Ulaya 2010. Sasa hiyo familia wakikaa mezani Krismasi wanaongea nini jameni?

Wanyama aliuzwa Southampton 2013. Mimi nikabaki. Watu wa mtaa wananishangaa hadi leo.

Kinyozi wa Govan

Assalaam alaykum. Mie ni Mpemba, nanyoa vichwa Govan, na Ibrox, uwanja wa Rangers, hapo ni mwendo wa miguu. Mtaa huuhuu ndio aliokulia Ferguson.

Mtu wa Glasgow akitaka kujua wewe ni upande gani hakuulizi timu. Anakuuliza ulisoma shule gani, maana jina la shule linamwambia kama ni ya Kikatoliki. Basi nilipokuwa mgeni akaja mzee mmoja, nimemfunga shuka shingoni, akaniuliza, "Kijana, shule ulisoma wapi?" Nikamjibu kweli yangu: "Fidel Castro, Pemba." Alinyamaza mpaka nikamaliza kumnyoa.

Mwengine akaja na lile swali lao la kale. Nilipomwambia mie Muislamu, akasema hilo kalielewa, ila ni Muislamu wa Celtic au wa Rangers?

Na kwenye kazi hii ukitaja timu umefukuza nusu ya wateja. Kwa hivyo ukutani nimetundika jezi ya Partick Thistle, nyekundu na njano, wako Firhill, kaskazini ya mji. Wateja wote huicheka, na hapana hata mmoja anayekasirika. Mwanzo ilikuwa biashara tu. Siku moja nikenda kuwatazama, mvua inanyesha, mchezo mbovu wallahi, na lile sanamu lao la jua, Kingsley, mtu kalivaa, lenye sura ya kutisha watoto, linazunguka uwanjani. Nikarudi tena wiki iliyofuata. Mwanangu sasa hataki timu nyengine.

Damu ya Bluu (Aberdeen)

Naishi Aberdeen lakini ni Rangers, na hapa Aberdeen hilo linaweza kukunyima hata chai. Watu wanadhani Rangers ina mtani mmoja tu. Njooni huku muone.

Nilianza kuipenda 2012, wakati wengine wanaikimbia. Klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa madeni mwezi Februari, mtoza kodi anadai, kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Mali zikanunuliwa na kampuni mpya, na timu za ligi kuu zikapiga kura kuwakatalia kurudi. Wakaanzia daraja la nne. Daraja la NNE! Na Ibrox ikajaza watu zaidi ya 49,000 kuangalia mechi na East Stirlingshire, timu ambayo mashabiki wake wa kawaida wangeenea kwenye mabasi machache. Hapo nikasema hawa ndio watu wangu.

Tulirudi ligi kuu 2016, na 2021 tukachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, pointi 102, mabao 13 tu ya kuruhusu. Celtic walikuwa wanahesabu la kumi mfululizo. Hesabu ikaishia tisa.

Namba67

@Damu ya Bluu hongera kwa klabu iliyozaliwa 2012. Hilo taji la 2021 kwetu ni la kwanza lenu.

Damu ya Bluu

Nilijua utakuja na hilo. Kampuni ilikufa, klabu haikufa. Ligi yenyewe na UEFA wanahesabu historia moja. Kalale.

Namba67

Mngekuwa mmelipa kodi tusingekuwa na huu mjadala.

Mleta mada

Jamani, huu mjadala una zaidi ya miaka kumi na hakuna aliyewahi kushinda, si hapa si kwenye baa za Glasgow. Twende mbele.

Mama Leith (Edinburgh)

Wanangu, Glasgow siyo Uskoti nzima. Mimi ni Hibs, yaani Hibernian ya hapa Edinburgh, na mateso ya Hibs hayana mfano.

Nilipoanza kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Leith, mfanyakazi mwenzangu shabiki wa Hearts alikuwa akinisalimia kwa kuniinulia vidole vitano. Kila asubuhi. Nikadhani ndivyo wanavyosalimiana. Kumbe ni fainali ya Kombe la Uskoti 2012, Hearts walitupiga mkono, 5-1. Watani wa mji mmoja, fainali, halafu mkono! Na tulikuwa hatujalichukua kombe hilo tangu 1902.

Ikaja Mei 2016. Sisi na Rangers wote tulikuwa daraja la pili, tukakutana fainali. Tuko nyuma 2-1, zimebaki dakika kumi. Anthony Stokes akasawazisha kwa kichwa. Dakika za nyongeza, kona nyingine, nahodha David Gray akapiga kichwa, 3-2. Miaka 114! Watu waliingia uwanjani kama maji. Kesho yake jirani yangu alitoka na skafu mkononi, nikamuuliza anakwenda wapi na hali parade imeshapita. Makaburini, akasema, kwa baba yake.

Gray sasa ndiye kocha wetu. Akipoteza mechi namsema, lakini kimoyomoyo.

Yule mwenzangu wa vidole vitano aliacha kunisalimia kwa muda. Siku hizi tunasalimiana kwa midomo.

Mchambuzi wa Kitaa (Mwanza)

Visa vitamu, ila tuseme ukweli. Ligi imechoka. Timu 12, unacheza na mpinzani mmoja mara tatu, ikifika mechi 33 wanagawanywa sita juu sita chini, mnacheza tena. Mtu unakutana naye mara nne kwenye ligi tu, bado vikombe. Fedha za Sky za kuonyesha mechi kwenye TV ni takribani pauni milioni 30 kwa mwaka kwa ligi nzima, wakati timu inayoshika mkia Uingereza inaondoka na zaidi ya milioni 100 peke yake. Mchezaji akichanua kidogo anauzwa kusini, Uingereza, kama Wanyama. Ukienda Ulaya unatolewa mapema. Mnashabikia makumbusho.

Damu ya Bluu

Makumbusho yaliyofika fainali ya Europa 2022? Tulitolewa kwa penalti tu na Frankfurt pale Sevilla.

Mchambuzi wa Kitaa

Timu moja, mara moja. Endelea.

Mzaliwa wa Buja (Motherwell)

Mimi Mrundi, niko Motherwell. Ndugu Mchambuzi, umesahau kwamba timu hizi ndogo ndizo zinawapa watu wetu nafasi. Gaël Bigirimana wa kwetu alicheza hapa Motherwell, ukiwemo msimu ule wa 2017/18 tulipofika fainali zote mbili za vikombe na kufungwa zote na Celtic. Baadaye wenzetu wa Tanzania mkamuona Yanga. Bevis Mugabi wa Uganda naye alikuwa beki hapa. Na kabla yao Hearts walikuwa na David Obua, Mganda pia.

Timu yenyewe iko mikononi mwa mashabiki, mji wa viwanda vya chuma vilivyofungwa. Siku ya mechi najuana na watu ambao katikati ya wiki wasingenisemesha. Hayo makumbusho yananitosha.

Kijana wa Paisley

Mnaongea Wanyama, Wanyama. Sisi St Mirren tuna Jonah Ayunga wa Harambee Stars, na mmekaa kimya!

14 Desemba 2025, Hampden, uwanja wa taifa, fainali ya Kombe la Ligi na Celtic. Tukapata bao mapema kupitia Marcus Fraser, Hatate akasawazisha, nikamwambia rafiki yangu basi, tumeshaisha, hadithi ni ileile. Kipindi cha pili Ayunga akafunga. Halafu akafunga TENA. 3-1! Babu mmoja wa Paisley niliyekaa naye alinikumbatia akaniuliza kama nami ni Mkenya. Nikamwambia ndiyo. Mimi ni wa Tanga, lakini siku ile ningekubali hata kuwa Mnorwei.

Namba67

Hii mechi sitaki kuizungumzia. Mkenya kanifunga mimi Mkenya. Nilifurahi na kuumia dakika hiyohiyo, mke wangu akaniuliza nalia nini.

Mleta mada

😂 Pole kaka.

Niseme na langu. Mimi nilipewa Celtic na mwenye nyumba wangu wa kwanza, na nimeshakaa kwenye mechi ya watani pale Celtic Park. Kelele zile sijawahi kuzisikia popote. Lakini kuna nyimbo kutoka pande zote mbili ambazo ukizielewa maneno unatamani usingezielewa, ni za vita vya Ireland na kutukanana dini. Serikali iliwahi kutunga sheria yake ya nyimbo na vitendo vya viwanjani, 2012, ikaja kufutwa 2018. Pombe kwenye viwanja ilipigwa marufuku baada ya mashabiki wa timu hizi mbili kupigana ndani ya Hampden fainali ya 1980, na mpaka leo huku jukwaani hununui bia. Kuna kipindi walifika kunyimana tiketi za wageni kabisa, mechi ya watani bila watani! Nafasi chache zilirudi kuanzia Januari 2025.

Halafu ukipita Ibrox kuna mnara wa majina ya watu 66 waliokufa kwenye ngazi za kutokea tarehe 2 Januari 1971, baada ya mechi na Celtic hiyohiyo. Nilisimama pale na jezi yangu ya kijani imefichwa ndani ya koti. Mlinzi akaniona nasoma majina, akaniambia nisihangaike na koti.

Kinyozi wa Govan

Kweli kabisa. Kuhusu lile jambo, humu kinyozini kwangu hapana anayetania, wa upande wowote.

Mama Leith

Na timu ya taifa mmeiacha? Novemba 2025, Denmark kafungwa 4-2 Hampden, tukafuzu Kombe la Dunia la kwanza tangu 1998. McTominay alianza na tikitaka, Kenny McLean akamaliza kwa kupiga kutoka katikati ya uwanja. Nyumba ya wazee nzima ilikuwa macho usiku ule, dawa za saa nne zilichelewa. Hibs, Hearts, wote tulikuwa kitu kimoja. Mpaka asubuhi.

Maroon wa Gorgie

Nimesoma kimya tangu juu, sasa nitoke. Mchambuzi anasema ligi imechoka, hajaangalia msimu huu wa 2025/26? Hearts tumewekezewa na Tony Bloom, yule mwenye Brighton, kaleta karibu pauni milioni 10 na wataalamu wake wa takwimu wanatutafutia wachezaji, huku klabu ikibaki ya mashabiki. Oktoba tuliwapiga Celtic 3-1 kwetu Tynecastle, kesho yake kocha wao Brendan Rodgers akajiuzulu. Rangers nao walishamfukuza kocha wao mwezi huohuo. Vigogo wanayumba, juu ya msimamo tupo sisi. Ubingwa wetu wa mwisho ni 1960. Mwaka huu jamani, mwaka huu!

Mama Leith

Albert Kidd.

Maroon wa Gorgie

Mama, hapana. Si leo.

Kijana wa Paisley

Huyo ni nani?

Mama Leith

Mwanangu, siku ya mwisho ya msimu 1986, Hearts walihitaji sare tu pale Dundee. Zimebaki dakika saba, akafunga mtu aliyetokea benchi, akaongeza na la pili. Celtic siku hiyo walikuwa wakiipiga timu yako mwenyewe 5-0 hapohapo Paisley, wakabeba ubingwa kwa tofauti ya mabao. Huyo wa benchi ndiye Albert Kidd, na kwetu Hibs jina lake bado tunaliimba.

Mchambuzi wa Kitaa

Haya, hii ya Hearts nitaiangalia. Mechi zao zinaonekana wapi ukiwa Mwanza?

Maroon wa Gorgie

Nakutumia pembeni. Na usimwambie Mama Leith kama umehamia kwetu.