Wana Tanga wenye mashine za gemu za zamani, spea mlizipata wapi? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kaseti
Wakuu, habari za jioni. Nina PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu. Inasoma CD mpaka kwenye nembo halafu inaganda, nikiigeuza juu chini inacheza vizuri tu. Mafundi simu wa Ngamiani wote jibu lao moja: nunua mpya. Mimi naitaka hii hii. Aliyewahi kufufua PS, Sega au zile za kaseti atwambie spea alizitoa wapi.

Mwana Makorora
Mkuu, huo ni ugonjwa wa matoleo ya mwanzo, ya 1995 hivi. Lenzi inateleza juu ya plastiki, na imekaa jirani na pawa saplai. Joto linakula plastiki, lenzi inainama. Wanaokwambia upake grisi wanakupotezea muda. Tafuta lenzi nzima, ila usimwambie muuzaji "lenzi ya PS", atakupa yoyote. Fungua, soma namba yake: inaanza na KSM-440, na herufi zinazofuata zifanane na zako. PS2 nene nyingi ni KHS-400. Yangu niliagiza Kariakoo, ikaja na basi.

Binti Chumbageni
Naongezea hapo. Lenzi mpya nyingi zinakuja na tone dogo la risasi kwenye saketi yake, limewekwa kuikinga na umeme tuli. Lisipoyeyushwa, mashine haisomi kitu. Kaka yangu alishaitupa PS yake kabatini akisema kauziwa lenzi feki. Nikaligusa na pasi ya kuchomelea, ikasoma jioni ile ile. Hajanishukuru mpaka leo.

Mzee wa Kaseti
Dada, ubarikiwe. Chini ya yangu pameandikwa SCPH-1002, kesho naifungua.

Jirani wa Bahari
Huku Raskazone sisi adui yetu chumvi. Kabla hujasaka spea, sugua pini za kaseti kwa spiriti na pamba. Nusu ya "mbovu" zinapona hapo.

Fundi Redio Mgandini
Vijana mnahangaika na Kariakoo wakati vitu vingine viko hapa hapa. Sega Mega Drive ya kwanza ina 7805 mbili ndani (vidude vya kushusha umeme hadi volti 5), kidude kile kile ninachokichomoa kwenye redio mbovu kila siku. Adapta ndiyo ya kuangalia: ya kwanza inataka volti 9, hasi iko katikati ya pini ya adapta, Mega Drive 2 ni volti 10, na chanya ndiyo katikati. Sasa mtu analeta adapta ya ruta eti tundu limeingia! Na mkiletewa mtumba wa Japani, ule ni wa volti 100. Ukiuchomeka ukutani kwenye 230 bila transfoma, pawa saplai inakwenda.

Mla Mizoga
Mimi sinunui spea, nanunua mizoga. Wenye vibanda vya gemu waliohamia kwenye mashine mpya wana PS2 zimelala stoo. Uwawahi kabla ya watu wa chuma chakavu. Mzoga mmoja una feni, swichi, mikanda ya flati (nyaya bapa za ndani), mota, na pedi juu. Sharti langu moja: niione ikiwaka taa hata kama haisomi, maana ya kufa kabisa huwa fundi mwingine kashaila ndani. Nina PS2 nyembamba mbili hapa Majani Mapana, lenzi zimekwisha, vingine vizima. Natafuta memori kadi, tubadilishane.