Re: Singo ya bendi ya roki ya Uingereza, Gang of Four, ya 1979: kukagua, kuosha, kutuma nyumbani

> Wanajumuiya, hamjambo? Nataka kutuma Nairobi santuri ya "At Home He's a Tourist". Ninunue singo au albamu inatosha? Na inafungwaje?

Dada, nunua singo, ile santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. Wimbo huo umo pia kwenye albamu ya Entertainment!, iliyotoka mwaka huohuo, lakini upande wa pili wa singo, "It's Her Factory", haukuwekwa humo ilipotoka. Usiukose. Unaitaja nyumba kuwa kiwanda cha mwanamke, kazi ya kutwa isiyo na mshahara.

Dukani, itoe kwenye ganda uiinamishe chini ya taa. Alama nyembamba kama unywele hazina shida. Pitisha ukucha polepole. Ukikwama, na sindano itaruka. Mifereji ikiwa ya kijivu, iache, imeliwa na sindano butu na haioshwi ikapona. Kisha omba kuisikiliza, kasi 45. Gitaa la Andy Gill wa bendi hiyo ni kavu, linakwaruza na kukatakata juu ya besi, hata mgeni wa wimbo hudhani santuri ni mbovu. Hesabu: mkwaruzo wa santuri yenyewe hurudi kila mzunguko, mara tatu kwa sekunde nne. Kelele isiyofuata hesabu hiyo ni gitaa.

Ukiiosha, usitumie maji ya bomba ya London, yana chokaa na yakikauka huacha unga mfereji mzima. Nunua yale yasiyo na madini, ya pasi na betri za gari. Karatasi ya katikati isilowe.

---

Kaka ameeleza vizuri. Kwenye kufunga: usiiache santuri ndani ya ganda lake, ikitikisika njiani ukingo wake hupasua mshono. Itie kwenye mfuko mtupu, ganda liwe nyuma yake, vyote katikati ya vipande viwili vya boksi gumu, mistari ya kimoja ikikatana na ya kingine ili visipinde.

Dada, na huko nyumbani waeleze neno "rubbers" lililomo kwenye "At Home He's a Tourist". Si raba za kufutia penseli, ni mipira, yaani kondomu. Bendi ilialikwa Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, na BBC ikataka neno liondolewe. Wakakubali kuimba "packets". BBC ikashikilia "rubbish". Wakaondoka studio bila kupiga, na singo ikaishia nafasi ya 58 kwenye chati ya Uingereza. Kwenye santuri neno limebaki lilivyo.