Vipande vinalundikana kituo cha 3, niongeze mtu wapi?

Swali: Wakuu, laini ya uzalishaji ina vituo 4, mtu mmoja kila kituo: sekunde 70, 85, 120 na 65 kwa kipande. Zamu ni dakika 450, oda vipande 300. Niongeze mtu wapi?

Jibu 1: Usiongeze bado, mkuu. Oda inataka kipande kila sekunde 90. Kituo cha 3 kinakufungia kwenye vipande 225 kwa zamu. Kazi yote ni sekunde 340, gawa kwa 90: watu 4 wanatosha. Toa sekunde 35 kituo cha 3: 20 ziende cha 4, 15 cha 2, nacho kikisukumie cha 1 sekunde 15. Vyote vinabaki 85.

Jibu 2: Naongezea: usihamishe kazi ikaja kabla ya ile inayopaswa kuitangulia. Na laini ikisimama zaidi ya dakika 25, vipande 300 havitoki.

Jibu 3: Pima upya sekunde za kila kituo kwa mizunguko kadhaa, si mmoja.