Kila mtu ana simu: je, bado tunahitaji mtu wa kutusaidia kutafuta?

Wana Moshi na Arusha, habari za kazi. Naweka hoja mezani, karibuni mnipinge.

Juzi kwenye daladala ya Majengo abiria wawili walikuwa wanasema maktaba ya mkoa haina kazi tena, fedha zake zinunue intaneti ya bure pale stendi. Mmoja akamalizia: "Mwenye simu akikosa jibu, huo ni uvivu wake." Nilishuka sijamjibu. Namjibu hapa: si uvivu.

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, nachapa, najaza fomu za watu, na haipiti siku bila mtu kuniambia "niangalizie Google". Maswali mepesi simu inayamudu: matokeo ya kidato cha nne, nauli ya kwenda Tanga. Kazi ipo kwenye swali lenye maswali mengine ndani yake.

Mwezi wa tatu alikuja mzee kutoka Kibosho. Jirani amesogeza mpaka wa kihamba, shamba lake la ukoo, na kung'oa masale, ile mimea inayopandwa mpakani. Akaniambia, "Kijana wangu, andika hapo: jirani kang'oa masale, niende wapi?" Nikaandika vilevile. Zikaja kurasa za utalii na mila, zinaeleza jinsi Wachaga wanavyoombana msamaha kwa sale. Ni kweli kabisa, ila hakuna hata ukurasa mmoja uliojua kwamba masale hayo ndiyo bikoni za kihamba.

Mzee alikuwa na neno sahihi, lakini sheria ina neno lake jingine. Ili upate jibu, lazima ujue kwanza kwamba shida yako inaitwa mgogoro wa ardhi, na kwamba ipo sheria ya mwaka 2002 ya mahakama za migogoro hiyo, Sura ya 216. Asiyejua anachokitafuta kinaitwaje, atakiandikaje?

Nilipobadilisha maneno zikaja kurasa nzuri, zenye vifungu. Karibu zote zilisema peleka kesi baraza la kata, linaamua migogoro ya ardhi isiyozidi shilingi milioni 3. Nikachapa kurasa nne, mzee akalipa, akaondoka.

Nilikuwa nimemuuzia sheria iliyokwisha badilishwa. Tangu mwaka 2021 baraza la kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nililijua hilo wiki mbili baadaye, kwa mdomo wa msaidizi wa kisheria aliyekuja kutoa kopi akaikuta karatasi moja iliyoharibika imebaki mezani. Nilimpigia mzee saa ileile. Alikuwa ameshakwenda kata mara mbili kudai hukumu ambayo baraza halina mamlaka ya kuitoa.

Google ilipoanza mwaka 1998 ilisimama juu ya wazo la kuhesabu viungo: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi unapanda juu. Wazo zuri, na leo wanapima mambo mengine mengi. Ila sheria ikibadilika leo, ukurasa unaoieleza bado haujatajwa na mtu, na ule wa zamani una marafiki wa miaka kumi.

Basi semeni. Fedha ziende kwenye bando, au kwa watu wanaojua kutafuta?

Mchangiaji, Sakina, Arusha

Mkuu, pole na mzee wako, lakini nakupinga. Aliyekosea hapo ni mtafutaji. Ungeongeza mwaka kwenye maneno yako, ungefunga maneno kwenye alama za nukuu, ungebana utafutaji kwenye tovuti za serikali zinazoishia go.tz. Hayo yanafundishika kwa nusu saa. Mimi ni fundi friji, nusu ya ninachokijua nimekitoa mtandaoni, hakuna mkutubi aliyenishika mkono. Na siku hizi akili mnemba unaiuliza kwa Kiswahili chako cha nyumbani, inajibu. Kijana wa Ngaramtoni akipewa bando anafika mbali kuliko akipewa kiti cha maktaba kinachofungwa jioni. Tusimfanye kila mwananchi aonekane hawezi.

Mwalimu wa sekondari, Moshi

Fundi, ufundi wako unaonekana: friji ina namba ya modeli mgongoni, unaiandika unapata. Kihamba hakina namba.

Niongeze jambo la lugha, maana linaniumiza kila wiki darasani. Kiingereza hubadilisha maneno mkiani, chetu kichwani. Mtoto anaandika "kiwanja", habari anayoitaka imeandikwa "viwanja". Anaandika "kulima", ukurasa unasema "wakulima", "kilimo", "walilima". Kwetu ni ukoo mmoja, lakini mtambo usiofundishwa Kiswahili vizuri unaona maneno yasiyojuana. Kisha mwanafunzi anahamia Kiingereza ambacho hakijui vizuri, na hapo ananakili kila kinachokuja.

Mwaka 1989 mtaalamu wa ukutubi wa Marekani, Marcia Bates, aliandika kwamba mtu hatafuti mara moja akapata. Anachuma kidogokidogo, na swali lenyewe linabadilika njiani. Mwoneni mama anayechuma mboga: katoka nyumbani kutafuta mnavu, kafika kwenye mfereji kakuta mchicha, kapu linabadilika na chakula cha jioni kinabadilika. Kazi hiyo inataka muda na mtu wa kuuliza. Bando la saa moja halitoshi.

Mkulima, Tengeru

Mimi nina fupi. Migomba yangu ilinyauka, nikaandika "migomba kunyauka dawa". Nikaletewa mnyauko wa bakteria, nikaanza kukata ua dume na kuchoma panga kwenye moto kila shina, wiki nzima. Afisa ugani alipokuja alikata shina moja akanionyesha: mistari ya kahawia ndani, hakuna ute wa njano unaotoka, na majani ya chini ndiyo yalianza kuwa njano. Ni fusari, mnyauko mwingine unaoletwa na kuvu, inakaa kwenye udongo miaka na miaka. Nilikuwa nimeshapanda machipukizi ya ndizi kisukari palepale, na kisukari ndiyo inayokufa nayo. Simu haikuniuliza shina langu likoje ndani. Yeye aliuliza.

Mwanzisha mada

Asanteni. Mama wa Tengeru, pole sana. Umesema kwa maneno machache nilichohangaika nacho kwa aya nane.

Ndugu wa Sakina, nusu saa yako naikubali, hata hapa dukani nitaifundisha. Ila nimerudi kuutazama ukurasa niliouchapa: una tarehe ya 2023. Waliupanga upya, maelezo ya ndani wakayaacha. Tarehe ya ukurasa na tarehe ya sheria ni vitu viwili, na mwaka ukiuandika unaletewa huohuo. Akili mnemba nayo nimeijaribu kwa swali la mzee. Aya ya kwanza ilisema baraza linasuluhisha, aya ya tatu ikasema linaamua hadi milioni 3, kwa Kiswahili safi. Anayeijua sheria ataona. Mzee angeionaje?

Mzee mwenyewe alipita jana. Ana karatasi ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana, na swali jipya: jirani anadai amelima kipande hicho zaidi ya miaka 12, hivyo mzee amechelewa kudai. Safari hii sikuwasha kompyuta. Nilifunga duka saa tisa, nikampeleka kwa yule msaidizi wa kisheria.

Nijibu hilo la tarehe, fundi. Nalisubiri kwa dhati.