RTTY (kutumiana maandishi kwa redio) kwa kidhibiti PK-232: ninawasoma wote, lakini hakuna anayenijibu

MawimbiTanga
Salaam, ndugu wanaredio. Nimepata kidhibiti data cha zamani, PK-232 cha kampuni ya AEA, kinachogeuza maandishi kuwa toni na toni kuwa maandishi, nikakiunganisha na redio yangu ya HF (masafa mafupi) ya wati 100 kupitia soketi ya maikrofoni. Jioni husikiliza bendi ya mita 20, kati ya 14.080 na 14.099 MHz. Mwanzoni zilitoka herufi za ovyo tu, ila tangu nilipowasha amri ya RXREV, inayogeuza toni zinazopokelewa, stesheni za Ulaya zinasomeka vizuri kwenye skrini. Tatizo ni kwamba nikiita CQ (wito kwa stesheni yoyote) sijibiwi hata mara moja, ingawa mita inaonyesha nguvu inatoka. Jambo la pili linalonitatiza ni kwamba ripoti nyingi za jinsi mawimbi yanavyosikika, ambazo kwa kawaida ni 599, hufika zikiwa "599 TOO TOO". Je, kidhibiti ni kibovu?

Mzee wa Antena
Ndugu yangu, kidhibiti chako ni kizima. Naamini redio umeiweka kwenye USB, yaani ukanda wa juu wa mawimbi, badala ya LSB, ukanda wa chini. RTTY hutumia toni mbili zilizoachana kwa hezi 170, maki na spesi, na kwa desturi ya wanaredio wa ridhaa maki ndiyo inayotakiwa kuwa juu ikifika hewani. Wengi hutumia 2125 kwa maki na 2295 kwa spesi. Kwenye LSB toni hupunguzwa kutoka masafa ya redio, kwa hiyo maki iliyo ndogo ndiyo inayobaki juu, lakini kwenye USB toni huongezwa na mambo yanageuka. RXREV ilikugeuzia upande wa kupokea peke yake. Unapotuma bado uko kichwa chini, na mwenzako wa Ulaya anaona herufi zilezile za ovyo ulizokuwa ukiziona wewe. Weka redio kwenye LSB, zima RXREV, hakikisha TXREV (ya kugeuza toni unazotuma) nayo imezimwa, na RBAUD (kasi ya kutuma) iwe 45.

Fundi Simu
Kuhusu TOO: msimbo wa Baudot, ambao RTTY huutumia, una biti 5, yaani michanganyiko 32, ambayo haitoshi herufi na tarakimu kwa pamoja. Kwa hiyo msimbo mmoja hubeba vitu viwili, na alama maalumu hutangulia kuamua tusome kipi. Tazama kibodi yako: T iko chini ya 5, na O iko chini ya 9. Ikiwa amri ya USOS imewashwa kwako, kila nafasi kati ya maneno hukurudisha kwenye herufi, na kama mtumaji hakurudia alama ya tarakimu, 599 ya pili huwa TOO. Radi za masika nazo huweza kuimeza alama hiyo, na ndipo hata 599 ya kwanza huharibika. Mimi ningeiacha USOS imewashwa, kwani ukiizima, alama moja ya herufi ikipotea mstari mzima unaweza kugeuka tarakimu, na jina la stesheni unayoitafuta likapotelea humo.

MawimbiTanga
Nawashukuru sana. Nimehamia LSB, nikaita mara tatu, na stesheni ya Italia imenijibu; mikono ilinitetemeka juu ya kibodi. Hata hivyo, baada ya dakika chache redio ilikuwa ya moto sana kwa nyuma.

Mzee wa Antena
Hongera sana, mwanangu. Sauti ya mtu hupanda na kushuka, lakini RTTY hutoa nguvu kamili bila kupumzika tangu unapoanza kutuma hadi unapomaliza. Shusha hadi wati 50 au chini yake, zima kompresa ya maikrofoni, kisha punguza sauti inayotoka kwenye kidhibiti mpaka sindano ya ALC, inayoonyesha sauti inayoingia redioni ikizidi, isisogee kabisa. Sauti ikizidi, mawimbi yako hutanuka na kuwafunika majirani, yaani stesheni za masafa ya karibu, na katika sehemu hiyo ya mita 20 majirani ni wengi, hasa wakati wa mashindano ya mwisho wa Septemba.