Watoto wanaimba rangi za Kihispania, lakini hawawezi kuchomoa moja

mwl_rangi_sita

Habari za kazi, walimu wenzangu. Darasa ni la watoto 28 wa miaka 7 hadi 9, vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki. Rangi wanaziimba vizuri: rojo (nyekundu), azul (buluu), verde (kijani), amarillo (njano), blanco (nyeupe), negro (nyeusi). Ila ukiinua kitu cha kijani na kuuliza «¿De qué color es?» (ni cha rangi gani?), wanaanza rojo, azul… hadi wafike verde. Tena wanasema «la mesa rojo», na neno rojo likiandikwa ubaoni wanalisoma kwa j ya "jambo". Naomba shughuli za darasani. Vifaa ni karatasi, penseli za rangi na ubao.

bahasha_tatu

Mwalimu, hao hawajajifunza maneno sita, wamejifunza wimbo mmoja. Uweke kando kwa wiki mbili, na katika muda huo usizitaje rangi kwa mpangilio uleule mara mbili.

Kila mtoto apewe karatasi moja ya A4. Aikunje katikati mara tatu, akate kwenye mikunjo, atapata vipande 8: sita vya rangi, kimoja cha sí (ndiyo) na kimoja cha no (hapana). Wapake rangi wenyewe, kila kipande kinapopakwa nawe ukilitaja neno.

Kipindi cha kwanza wasilazimishwe kusema. Wewe taja rangi, wao watafute kadi, waibane kifuani rangi ikiwa ndani, kisha uhesabu uno, dos, tres na kwenye tres wote wainue. Hiyo ya kubana kifuani usiiache. Kadi zikiinuliwa moja moja, nusu ya darasa itamwangalia mwenye haraka na kumwiga, nawe utadhani wote wameelewa. Wakishazoea, geuza: onyesha nyekundu, sema «¿Es verde?» (ni kijani?), wao wainue sí au no.

Kusema kuanze na «¿Qué falta?» (nini hakipo?). Bandika kadi sita kubwa ubaoni, watoto wafumbe macho, toa moja, halafu zipange upya zilizobaki. Usipozipanga upya watakumbuka mahali palipo wazi badala ya kukumbuka neno. Wakifumbua, kila mmoja amnong'oneze jirani yake jibu kwanza, ndipo umtaje mmoja ajibu kwa sauti. Wakiachwa wapige kelele, watajibu walewale wanne kila siku.

Mchezo wa kukimbilia ubaoni na kupiga kadi kwa kofi ni mtamu, lakini wawili wanacheza na 26 wanatazama. Dakika tano za mwisho zinautosha.

ngeli_na_kivumishi

Nitagusa «la mesa rojo» tu. Kosa linaanza pale rangi inapofundishwa peke yake, kwa hiyo rojo linakaa kichwani kama neno lisilobadilika. Mtoto anayesema Kiswahili ana msaada mkubwa hapa: anajua tayari kwamba kitabu ni chekundu na meza ni nyekundu. Mwambie Kihispania nacho kina ngeli zake, mbili: el libro rojo, la mesa roja.

Ulinganifu unakwenda mbali zaidi. Nyeupe, nyeusi na nyekundu hubadilika kwetu. Blanco, negro na rojo hubadilika kwao. Buluu na kijani hazibadiliki kwetu. Azul na verde hazifuati el wala la. Inayokwenda kinyume ni amarillo tu, maana njano yetu imetulia na yao inageuka amarilla. (Kwenye wingi zote hubadilika, azules, verdes, lakini hilo lisubiri.)

Vitabu vingi hutia buluu kwenye kadi za el na nyekundu kwenye kadi za la. Usifanye hivyo unapofundisha rangi. Mtoto ataona kitabu kwenye fremu ya buluu na kujibu azul. Kata pembe moja ya kila kadi ya la. Mkono wenyewe utamkumbusha.

Zisizofuata mtindo huo, kama la mano (mkono), el día (siku), el mapa (ramani) na el agua (maji), wazipokee zilivyo, bila maelezo, kwa umri huo.

sikio_kwanza

Kuhusu j: maandishi yamekuja mapema mno. Vokali tano za Kihispania ni zetu zilezile, na ndiyo maana watoto husoma kwa ujasiri, wakaingia shimoni kwenye konsonanti. J ni kama kh ya "Khamis". H haitamkwi kabisa, kwa hiyo hoja, yaani jani, huanza na o. Ñ ni ny ya "nyumba". Z ni s katika Amerika ya Kilatini, na ni th ya "thelathini" sehemu kubwa ya Hispania. Chagua moja ushikamane nayo. Neno lionyeshwe limeandikwa pale tu darasa linapoweza kulisema bila kuliona, kwa kawaida kipindi cha tatu.

Mkazo pia. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, nao hufanya hivyo neno likiishia na vokali, n au s. Azul huishia na l, basi mkazo uko mwisho: wapige makofi mawili, la pili zito. Ukiona alama juu ya vokali, kama limón, mkazo uko hapo.

Mesa, bandera na azúcar ni maneno mazuri ya kuanzia, watoto huyatambua mara moja. Angalia pera, ambalo si pera letu bali ni pea, na papa, ambalo sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini ni kiazi.

mwl_rangi_sita

Asanteni sana, hiyo ya pembe inaanza wiki hii. Je, lotería, ule mchezo wa bingo ya picha, inafaa kwa idadi hii?

bahasha_tatu

Inafaa, ila ile ya Mexico ina kadi 54 na ubao wa picha 16, ni nyingi mno kwao. Chora gridi ya 3 kwa 3. Andaa maneno 12, kila mtoto achague 9. Kwa maneno 9 tu, mbao zote zitakuwa na picha zilezile. Mshindi awe wa mstari mmoja, si ubao mzima, na asome maneno yake matatu pamoja na el au la. Akikosea moja, mchezo unaendelea.

Usitaje neno lenyewe, toa fumbo: «Es una fruta. Es amarilla.» (Ni tunda. Ni la njano.) Hapo rangi na ngeli vinasikika pamoja.

Mlangoni wanapotoka, mwonyeshe kila mtoto kadi moja, sekunde tano. Kwa 28 ni kama dakika mbili na nusu. Kadi zilizokwama zitie bahasha ya kwanza, urudi nazo kipindi kijacho. Zilizojibiwa zihamie ya pili, urudi nazo baada ya wiki. Zikijibiwa tena, ya tatu, baada ya mwezi. Neno likikwama popote linarudi bahasha ya kwanza.